Beringi, Gololi na Bushi: Mashine ya Kufulia Inapolia

Mashine ya kufulia nguo huanza kulia muda mrefu kabla ya kusimama kabisa, na mlio mzito kuliko yote hutoka kwenye kifaa ambacho wenye nyumba wengi hawajawahi kukiona: beringi. Fundi huja, huzungusha pipa kidogo, husema "beringi zimekufa," kisha hutaja bei. Mwenye mashine hulipa au hukataa bila kuelewa ameambiwa nini. Neno lenyewe limekwishakuwa la Kiswahili. Limeingia kupitia gereji na maduka ya vipuri, Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi pia, wala sioni haja ya kulitafutia mbadala. Linalotakiwa ni kulifafanua, kwa sababu kuna maneno mawili jirani, gololi na bushi, ambayo huchanganywa nalo, na mchanganyiko huo huweza kumfanya mtu anunue kipuri kisicho chake.

Beringi ni kifaa kinachobeba mhimili unaozunguka na kuuwezesha kuzunguka kwa wepesi. Ile ya mashine ya kufulia ina pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine. Katikati yake zimepangwa gololi, na kizimba chembamba huzitenganisha zisigongane. Pete ya ndani huubana mhimili na kuzunguka nao, pete ya nje hukaa tuli kwenye kiota chake. Kwa kuwa gololi hubingirika badala ya kuteleza, msuguano hupungua sana. Wazo hili lilipata hataza mwaka 1794, pale Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipobuni beringi ya gololi kwa ajili ya ekseli za magari ya kukokotwa na farasi.

Gololi, basi, ni sehemu tu ya beringi. Najua kwa nini watu huita kifaa kizima gololi: kwenye baiskeli nyingi gololi hukaa wazi ndani ya kikombe chake, fundi huzitoa, huzisafisha, huzipaka grisi na kuzirudisha, na ikipotea moja hununuliwa moja. Kwenye baiskeli lugha hiyo ni sahihi kabisa. Kwenye mashine ya kufulia haiwezekani, maana beringi yake imefungwa na hubadilishwa nzima.

Bushi nayo ni bomba fupi lisilo na gololi hata moja. Mhimili huzunguka ndani yake kwa kuteleza juu ya mafuta. Wenye mashine za mapipa mawili, zile ambazo upande mmoja hufua na mwingine hukamua, wakilalamikia kelele au maji yanayovuja chini ya pipa la kukamulia, kwa kawaida shida yao iko kwenye bushi na mpira wake. Mtu huyo asikubali kuuziwa beringi kabla fundi hajafungua na kumwonyesha. Waingereza huweza kuviita vyote viwili kwa jina moja pana, bearing. Mafundi wetu wamevitenga, na hapo lugha yao ni sahihi zaidi kwa kazi.

Sasa tuingie kwenye mashine yenye mlango wa mbele, ambako beringi hupata taabu kubwa. Ndani yake kuna pipa la chuma lenye matundu, ambamo nguo huwekwa, na kulizunguka kuna tangi la plastiki linaloshika maji. Mgongoni mwa pipa kuna kiunzi cha aluminiamu chenye mikono mitatu, na katikati ya kiunzi hicho hutoka mhimili unaopenya ukuta wa nyuma wa tangi. Hapo ndipo zinapokaa beringi mbili, moja kubwa na moja ndogo, na mbele yake, upande wa maji, kuna mpira wa kuzuia maji ambao mafundi huuita sili. Kwa mbele pipa halishikiliwi na chochote. Uzito wote wa nguo zilizolowa huning'inia kwenye mhimili huo mmoja.

Tupige hesabu ya mzigo huo. Chukua pipa la kipenyo cha sentimita 48, lenye kukamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kila kilo ya nguo iliyo ukingoni husukuma kwenda nje kwa nguvu inayozidi mara 380 ya uzito wake. Taulo moja zito likikusanyika upande mmoja bila kingine cha kulisawazisha, beringi hubeba mzigo wa mamia ya kilo unaozunguka mara 20 kila sekunde. Shusha kasi hadi mizunguko 800, na nguvu hiyo hupungua hadi mara 170 hivi. Kwa nchi yenye jua la kukaushia nguo karibu mwaka mzima, sielewi kwa nini tukamue kwa kasi ya juu kila siku.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoanza kuiua beringi ni maji, na mzigo humalizia tu. Sili huchakaa, maji yenye sabuni hupenya polepole, grisi huoshwa, chuma hupata kutu, na uso laini wa pete huchimbika vishimo vidogo. Gololi zikipita juu ya vishimo hivyo ndipo mlio unapoanza. Mwanzoni husikika wakati wa kukamua tu, kama mvumo wa chini. Miezi inavyopita huwa ngurumo inayopanda na kushuka pamoja na kasi ya pipa, na mwishowe hata wakati wa kufua taratibu utasikia mkwaruzo. Michirizi ya rangi ya kutu nyuma ya tangi, chini ya mhimili, ni ushahidi kwamba sili imeshapitisha maji. Madoa ya grisi ya kijivu kwenye nguo nyeupe husema hivyo hivyo.

Mlio wa beringi una tabia moja inayoutofautisha na milio mingine: hufuata mzunguko wa pipa bila kukatika. Mlio wa kugongagonga au wa kitu kinachosagika bila mpangilio mara nyingi ni sarafu, kifungo au waya wa sidiria ulionaswa kati ya pipa na tangi. Mashine inayoruka na kusogea sakafuni ichunguzwe kwanza miguu yake, kisha mpangilio wa nguo, kisha shokapu. Na kama ni mpya, angalia boliti za kusafirishia zilizo mgongoni, kwa kuwa zisipotolewa kabla ya kuiwasha, tangi haliwezi kuning'inia kwenye springi zake. Maji yasiyotoka ni habari ya chujio na pampu. Lakini ukigusa bodi ya mashine na kusikia umeme, usichunguze chochote: zima umeme kwenye swichi kuu, kisha umwite fundi.

Jaribio la beringi halihitaji kifaa. Chomoa plagi, fungua mlango, toa nguo zote. Zungusha pipa kwa mkono huku umetega sikio. Pipa zima huzunguka kimya au kwa mvumo laini, na bovu hukwaruza. Kisha shika ukingo wa juu wa pipa, ulivute juu na kulisukuma chini. Pipa na tangi vikienda pamoja, hiyo ni kazi ya springi, na beringi hazina neno. Pipa likicheza peke yake ndani ya tangi, beringi zimekwisha. Fundi makini huenda hatua moja mbele: huvua mkanda unaounganisha mota na pipa, kisha huzungusha kila kimoja peke yake, kwa sababu mota nayo ina beringi zake ndogo, na kuzibadilisha ni kazi nyepesi zaidi.

Mashine ikiwa imefika hapo, usiendelee kufulia kwa matumaini. Mhimili unaocheza huukwangua ukingo wa sili, hutanua kiota cha beringi, na pipa hufikia kusugua tangi. Ikifika hapo, vipuri viwili na mpira mmoja havitoshi tena.

Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake. Katika 6205, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la ndani kwa milimita, yaani 25, na pete ya nje yake ni milimita 52. Herufi 2RS humaanisha imezibwa kwa mpira pande zote mbili, na ZZ humaanisha imezibwa kwa bati. Zibadilishwe zote mbili pamoja na sili, hata kama ni moja tu inayolia. Wakati wa kuiingiza beringi kwenye kiota, fundi agonge pete ya nje peke yake. Akigonga ya ndani, nguvu hupita kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia yake, na beringi mpya huanza kulia mapema.

Kuna kikwazo kimoja kinachostahili kuulizwa kabla ya kununua mashine, mpya au ya mtumba. Baadhi ya matangi ya plastiki yameunganishwa kwa kuyeyushwa, bila skrubu, na beringi hazifikiki bila kulikata tangi au kununua jingine zima. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021, unawataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa miaka isiyopungua 10, beringi za pipa zikiwemo, ila unaruhusu ziuzwe pamoja na pipa lenyewe. Kwa hiyo tazama mzunguko wa tangi kwa tochi, kupitia mfuniko wa nyuma: ukiona safu ya skrubu, beringi zake zinaweza kubadilishwa na fundi wa mtaani.