Kisanduku cha Mbao, Umeme wa Maelfu ya Volti

Hii ni koili ya kuwashia injini ya Ford Model T, gari lililotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927. Kila gari lilikuwa na koili 4, moja kwa kila silinda. Tazama pembe za kisanduku: mbao zimeng'atana kama meno, kazi ya seremala hasa. Ndani yake, waya mwembamba kama unywele umezungushwa maelfu ya mara, kisha ukamiminiwa lami ya moto ili unyevu usiufikie.

Kwa nini mbao? Zilipatikana kwa urahisi na hazipitishi umeme, mradi ziwe kavu. Taabu ilianzia hapo. Mbao hunywa maji, na zikishalowa umeme hutambaa juu yake badala ya kwenda kuruka kwenye plagi ya silinda. Njia unayopitia huungua na kuwa mkaa, na mkaa nao hupitisha umeme. Washa koili mbovu gizani, utaona cheche za buluu zikikimbia juu ya mbao.

Bakelaiti, plastiki aliyoitangaza Leo Baekeland mwaka 1909, haikuwa na kiu hiyo ya maji, wala haikulainika kwa joto. Watengenezaji wengine waliikimbilia. Koili za Model T zilibaki za mbao mpaka mwisho.