Ubaguzi kazini kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia

Ubaguzi kazini kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia ni hali ya mtu kunyimwa ajira, mafunzo au cheo, kusumbuliwa au kuachishwa kazi kwa kuwa anavutiwa na watu wa jinsia yake, au kwa kudhaniwa hivyo. Uvumi peke yake hutosha kumletea mtu madhara, hata kama si wa kweli.

Tanzania bara

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa sababu zilizoorodheshwa, zikiwemo rangi, kabila, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na umri. Katazo hilo linahusu pia matangazo ya kazi, mshahara, mafunzo, kupandishwa cheo na uhamisho. Mwelekeo wa kijinsia haumo katika orodha. (Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005.)

Kwa upande mwingine, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya tendo la ndoa "kinyume cha maumbile" kuwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha maisha. Kinachoadhibiwa ni tendo, si mwelekeo wa mtu, lakini kazini tofauti hiyo haizingatiwi sana. Anayelalamika kwamba amebaguliwa huogopa kwamba malalamiko yake yenyewe yatageuzwa ushahidi dhidi yake, na hivyo wengi hunyamaza.

Hata hivyo, kinga ya jumla ipo. Chukua mfano wa mfanyakazi wa shamba la mkonge wilayani Korogwe aliyefukuzwa kwa sababu ya maneno ya watu. Ikiwa amefanya kazi kwa zaidi ya miezi 6, anaweza kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, bila kueleza lolote kuhusu maisha yake ya faragha. Ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki. Vilevile, aliyenyimwa cheo kwa kuwa hajaoa au hajaolewa anaweza kutegemea kipengele cha hali ya ndoa, awe na mwelekeo wowote.

Maendeleo ya kazi

Katika mji mdogo kama Korogwe, ambako bosi, jirani na shemeji huweza kuwa watu wa mtaa mmoja, madhara makubwa mara nyingi si kufukuzwa bali kujificha. Anayekwepa maswali ya "utaoa lini?" hukwepa pia maongezi ya chai, sherehe za wenzake na safari za kikazi, na huko ndiko watu hujuana na kupendekezwa kwa nafasi. Wengine huhamia miji mikubwa na kuanza upya, wakipoteza miaka ya uzoefu mahali pamoja.

Nchi nyingine za Afrika

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi huu waziwazi. Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba ilifuta mwaka 2016 kifungu kilichoizuia Tume ya Fursa Sawa kuchunguza malalamiko yanayohusu mienendo inayoonwa na walio wengi kuwa kinyume cha maadili. Lakini sheria ya 2023 iliongeza adhabu kwa mahusiano ya jinsia moja.

Msumbiji, jirani wa Tanzania upande wa kusini, iliweka mwelekeo wa kijinsia katika sheria yake ya kazi mwaka 2007, na Botswana ilikataza kumfukuza mtu kwa sababu hiyo mwaka 2010. Sheria za jinai za nchi hizo zilikuja kubadilika baadaye: Msumbiji mwaka 2015, na Botswana kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2019.