Barua Pepe Haina Stempu: Watangazaji wa Kompyuta na Mafuriko ya Maswali

Kuna kazi moja ambayo ukiifanya vizuri unajitia taabuni mwenyewe, nayo ni kutangaza kipindi cha kompyuta. Ukieleza jambo likaeleweka, watu wanakuamini. Wakikuamini, wanakuandikia. Tena hawakuandikii kukusifu tu, la! Wanakuandikia kwamba printa imekataa, Windows haiwaki, picha za harusi zimepotea na ripoti inatakiwa kazini Jumatatu asubuhi. Leo, ndugu msomaji, nataka tupitie jinsi watangazaji wa aina hii walivyojaribu kuishi na barua pepe za umma. Historia za intaneti husimulia sana mashine na mabilionea, lakini sanduku la barua husahauliwa.

Tuanzie Uingereza. Tarehe 2 Oktoba 1983, BBC ilirusha kipindi maalumu cha moja kwa moja kuhusu kompyuta ndogo, Ian McNaught-Davis akiwa mtangazaji. Mwenzake John Coll alitaka kuwaonyesha watazamaji jambo jipya kabisa: barua pepe, kupitia huduma ya Telecom Gold. Akaingia kwenye sanduku la kipindi, na kwenye skrini badala ya barua likatokea shairi la kejeli lililowekwa na wadukuzi! Kisa hiki husimuliwa kama somo la maneno ya siri. Mimi nakiona pia kama dalili ya yaliyokuwa yanakuja. Sanduku la barua la mtangazaji likishajulikana, si lake peke yake tena.

Hata hivyo mafuriko yenyewe yalikuwa bado. Modemu ilikuwa ghali, dakika za simu zililipiwa, na wengi waliendelea kutuma barua ya karatasi. Sisi wa huku tunalijua jambo hili: aliyetaka salamu zake zisomwe redioni alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki mmoja mmoja, akaipeleka posta. Zilikuwa shilingi chache tu, lakini zilimfanya mtu afikiri kwanza kama kweli ana la kusema.

Barua pepe ikaiondoa stempu, na hesabu ikaharibika.

Sasa twende San Francisco. Tarehe 11 Mei 1998 ilizinduliwa ZDTV, stesheni ya televisheni ya kompyuta tupu kutwa nzima, ambayo mwaka 2000 ilibadilishwa jina ikawa TechTV. Uso wake uliojulikana zaidi ni Leo Laporte, mtangazaji wa The Screen Savers na Call for Help. Hili la pili jina lake tu ni mwaliko: piga kelele, tutakusaidia. Watazamaji walipiga simu, wakaandika, wengine wakatokea kwa kamera ndogo ya kompyuta wakiwa nyumbani kwao.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hivyo naomba uniruhusu hesabu kidogo. Tuseme (nakisia tu) mtangazaji wa aina hii anapata barua 300 kwa siku, kila moja ikihitaji dakika 3. Hizo ni dakika 900, yaani saa 15. Na bado hajatangaza chochote! Mtu yeyote aliyewahi kuandika seva anajua kinachofuata. Kazi zikiingia haraka kuliko zinavyomalizwa, foleni hurefuka bila kikomo, na kuchapa kwa haraka zaidi hakusaidii. Kibaya zaidi, jibu zuri huzaa barua nyingine: "Asante sana, printa sasa inafanya kazi, lakini sauti imepotea."

Halafu zikaja taka. Agosti 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Sobig.F ulisambaa duniani. Ulikuwa ukipekua mafaili ya kompyuta ulioivamia, unakusanya kila anwani ya barua pepe uliyoikuta, kisha unajituma huko ukijifanya umetoka kwa mmoja wa watu hao. Hebu fikiria maana yake kwa mtangazaji. Anwani yake imo kwenye maelfu ya kompyuta za watu aliowasaidia, na ni wale wale wasiojua kuzilinda. Kadiri alivyopendwa, ndivyo alivyopigwa. Januari 2004 akaja MyDoom, na yule wa kwanza akasahaulika.

Wahandisi hawakukaa kimya. Programu ya procmail ya kupanga barua kwa kanuni ilikuwapo tangu 1990. Agosti 2002 Paul Graham alichapisha makala yake maarufu kuhusu kutambua taka kwa kupima uwezekano wa kila neno, na machujio yakaboreka sana baada ya hapo. Lakini chujio hujibu swali moja tu: hii ni taka au si taka? Barua ya mzee aliyepoteza picha za marehemu mkewe si taka. Itapita, na ikishapita inamhitaji binadamu. Kwa maoni yangu hapa ndipo mzigo wenyewe ulipo. Taka ni kelele tu, lakini barua njema ndizo zinazoelemea moyo.

Wengine walinyoosha mikono. Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliacha barua pepe tarehe 1 Januari 1990 akarudi kwenye barua za posta. Mwaka 2004 Lawrence Lessig, mwanasheria wa mambo ya intaneti, alijitangaza muflisi wa barua pepe, akawaomba radhi watu ambao hakuwa amewajibu. Profesa anaweza kufanya hivyo. Mtangazaji je? Maswali ya watu ndiyo unga wake. Akifunga mlango, kipindi kinakosa cha kupika.

Laporte alishika njia ya simu. Kuanzia 2004 aliendesha kipindi cha redio kwenye stesheni ya KFI ya Los Angeles, mwisho wa wiki, baadaye kikasikika Marekani nzima kwa jina The Tech Guy. Mwenye shida alipiga simu, na jibu la mmoja likasikika na wote wenye shida ile ile. Chumba cha chati kilikuwa wazi wakati wa kipindi, na wasikilizaji wenye ujuzi wakamrushia majibu papo hapo. Maelezo ya kila kipindi yaliwekwa kwenye tovuti. Sioni ufundi mkubwa wa kompyuta hapo, bali uamuzi: swali la faragha ligeuzwe kuwa jibu la hadhara. Na simu, utaona, ina stempu yake. Lazima usubiri kwenye laini.

Stempu ya kompyuta ilikuwa imeshafikiriwa. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba kompyuta ya mtumaji ilazimishwe kufanya hesabu ngumu kiasi kabla barua haijapokelewa. Mwaka 1997 Adam Back akaunda Hashcash kwa wazo kama hilo. Haikushika kwenye barua pepe, ila wachimbaji wa Bitcoin wanaijua kazi hiyo!

Aliyenivutia zaidi ni Steve Gibson, mwenzake Laporte kwenye podikasti ya Security Now iliyoanza Agosti 2005. Huyu ni mwandishi wa SpinRite, mtu anayeandika programu kwa Assembly mpaka leo. Hakuwapa wasikilizaji anwani ya barua pepe. Aliwapa fomu kwenye tovuti yake, akachagua maswali machache ya kusoma hewani, na maandishi ya kila kipindi yakawekwa hadharani bure. Baadaye ujumbe ukawa unampata zaidi kupitia Twitter. Mwaka 2024 akarudi kwenye barua pepe, lakini kwa masharti aliyojitengenezea mwenyewe: unasajili kwanza anwani yako kwenye tovuti yake, unathibitisha, ndipo barua yako itakapopokelewa. Anwani isiyosajiliwa inakataliwa mlangoni. Ni dakika moja tu ya kazi, inayofanywa mara moja.

Kama mhandisi napenda usafi wake. Lakini hauzuii taka peke yake. Security Now husikilizwa na watu wanaojua kusajili anwani, hivyo kwao si kitu. Kwa yule mzee wa picha ni ukuta. Yeye alihitaji namba ya simu. Laporte aliiacha redio Desemba 2022, na Januari 2023 nafasi hiyo ikachukuliwa na Rich DeMuro. Naye pia alianza kwa kupokea simu.