Mali ya Abdulla: Jina la Pwani, Kiwanda cha Uholanzi

1. Utangulizi

Historia ya biashara baina ya Ulaya na Afrika aghalabu husimuliwa kwa namna moja: Ulaya ilitengeneza, Afrika ikapokea. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mnunuzi wa Unguja, wa Mombasa au wa Beni hakuwa na kauli juu ya kitu alichouziwa. Kazi yake ilikuwa kulipa tu. Makala haya yanaipinga rai hiyo kwa kuchunguza historia ya kanga, nguo ambayo kwa miaka mingi ilichapwa katika viwanda vya Uholanzi, na baadaye vya nchi nyingine, lakini kwa agizo la wafanyabiashara wa pwani, kwa michoro waliyoichagua, na kwa maneno ya lugha ya wanunuzi wenyewe.

Hoja kuu ni mbili. Kwanza, katika biashara ya kanga aliyekuwa na sauti sokoni ni mwenye jina, si mwenye mashine. Pili, sauti hiyo ilikuwa na mipaka, kwani mwenye jina asiye na mashine huishi kwa hisani ya meli, ya mikataba ya mataifa na ya amani ya nchi za mbali. Jambo hili si la pwani peke yake. Linawahusu pia wakazi wa Kivu ya Kaskazini, tangu Butembo na Beni hadi Mabalako, ambako mazao huondoka kila msimu bila ya jina la waliyoyalima.

2. Merikani: jina linapoachana na kiwanda

Kabla ya kanga palikuwa na merikani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja shehena za nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi. Nguo hiyo ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka, na ikawa sarafu ya misafara: kwa majora yake ililipwa hongo, ilinunuliwa pembe, na walipwa wapagazi.

Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha kwamba wanunuzi wa Afrika Mashariki walikuwa wateuzi wakubwa. Walijua upana, uzito na ugumu wa nguo waliyoitaka, na shehena isiyolingana na matakwa yao ilikosa soko hata ikipunguzwa bei. Viwanda vya Massachusetts vililazimika kuyafuata matakwa hayo. Waingereza waliojaribu kuiga nguo hiyo kwa kitambaa hafifu hawakufua dafu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo. Pengo likajazwa na nguo za Uingereza na hasa za viwanda vya Bombay. Hapa ndipo palipotokea jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanaisimu: kiwanda kilibadilika, jina halikubadilika. Nguo iliyofumwa India iliendelea kuitwa merikani. Neno lilikwisha kuhama kutoka katika asili ya bidhaa na kuwa kipimo cha ubora wake, kipimo ambacho mnunuzi ndiye aliyekishika.

Nguo hiyo na lugha ya Kiswahili zilisafiri pamoja. Henry Morton Stanley alipoupita msitu wa Ituri mwaka 1887, aliwakuta humo wakuu wa misafara kutoka pwani, kama vile Ugarrowwa na Kilonga-Longa, wakiwa wamekwisha kupiga kambi zao. Kwa hiyo nchi zinazopakana na Beni ziliijua nguo ya kigeni yenye jina la Kiswahili mapema, kabla ya ofisi ya kwanza ya Mbelgiji.

3. Agizo la kanga

Kanga ilitokea pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Yasimuliwa kwamba wanawake walianza kwa kuunganisha leso, yaani vitambaa vya mraba ambavyo jina lake lilitoka katika Kireno, ili wapate nguo moja pana. Na kwamba jina la kanga lilitokana na madoa meupe yaliyofanana na ya ndege huyo. Lililo wazi zaidi ni kwamba katika miaka ya 1880 viwanda vya Uholanzi vilikuwa vikichapa nguo hizo kwa ajili ya soko la Unguja. Miongoni mwavyo ni kiwanda cha P. F. van Vlissingen cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, na ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Vlisco.

Mtafiti MacKenzie Moon Ryan amebainisha kwamba kanga ilizaliwa kwa ushirikiano wa watu wa aina tatu. Palikuwa na wanawake wa pwani, ambao hukumu yao sokoni ilikuwa ya mwisho. Palikuwa na wafanyabiashara wa rejareja, wengi wao wenye asili ya India, waliokaa dukani wakisikiliza kipi kimependwa na kipi kimebezwa. Tena palikuwa na nyumba kubwa za biashara za Wazungu, kama vile O'Swald na Hansing za Hamburg, ambazo ziliyapeleka maagizo Ulaya na kuzipokea shehena bandarini.

Kazi ilikwenda hivi. Mwenye duka alitoa mchoro na maneno. Kiwandani mchoro ulinakshiwa juu ya vibao au silinda za kuchapia, na kwa kuwa gharama ya nakshi ilikuwa kubwa, agizo halikuweza kuwa la korja moja au mbili tu. Lilitakiwa lifikie kiasi cha kuirudisha gharama hiyo. Nguo ikachapwa, ikafungwa marobota, ikapakiwa melini na kupita mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Kati ya siku ya kuagiza na siku ya kuuza ilipita miezi, na katika miezi hiyo mwenye duka ndiye aliyeibeba hatari yote. Wanawake wa mjini Unguja walibadili mitindo upesi. Mchoro uliochelewa ulifika ukiwa umepitwa, ukalazimika kutafutiwa wanunuzi wa bara.

Hatari hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu nguo yenyewe ilibeba maana. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Unguja, ameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuufuta utumwa visiwani humo, walivyoziacha merikani na kaniki, nguo zilizokuwa alama ya unyonge wao, na kujivika kanga za rangi. Kuvaa doti mpya kulikuwa kutangaza hali mpya. Mchapaji wa Helmond hakuijua habari hiyo. Mwenye duka wa Unguja aliijua fika, na ujuzi huo ndio uliokuwa mtaji wake.

4. Maneno yaliyochapwa na wasioyasoma

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji, na maandishi yaliyo chini ya mji, ambayo huitwa jina. Istilahi hii ina uzito wake. Msemo uliomo si pambo. Ndio jina la nguo, na kwa jina hilo mnunuzi huiulizia dukani. Hapo mwanzo maandishi hayo yalikuwa kwa hati ya Kiarabu, na hati ya Kilatini ikaja kuchukua nafasi hiyo katika karne ya 20. Kwa mchapaji wa Ulaya herufi hizo zilikuwa picha tu. Alizinakshi kama alivyolinakshi ua au embe. Hivyo mafundi wasiojua neno moja la Kiswahili walizichapa kurasa za Kiswahili zilizoenea kuliko vitabu vingi vya zama zao. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji, kanga zilikuwa zimekwisha kutoa maandishi ya Kiswahili kwa miongo kadhaa, kwa tahajia iliyoamuliwa dukani.

Mtindo wa kutia misemo huhusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo mwenyewe alijulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Kanga za duka hilo zilitiwa alama ya K.H.E. pamoja na maneno matatu: Mali ya Abdulla.

Maneno hayo yatazamwe kwa makini. Hayasemi kwamba nguo imetengenezwa na Abdulla, kwani haikutengenezwa naye. Hayasemi pia ilitoka nchi gani. Yanasema ni mali yake. Neno mali katika Kiswahili hubeba maana mbili kwa pamoja, bidhaa na milki, na kihusishi cha umilikaji hapa kinafanya kazi ya hati ya kisheria na ya tangazo kwa wakati mmoja. Mnunuzi anaambiwa kwamba mchoro una mwenyewe, na kwamba ikiwa rangi itachujuka, yupo mtu wa kuulizwa, tena mtaa wake unajulikana. Kiwanda kingeweza kuwa Uholanzi leo na kwingine kesho. Dhamana ilibaki Mombasa.

5. Kiwanda kimoja, sura mbili

Ulinganisho na Kongo unaidhihirisha hoja hii. Kiwanda kile kile cha Helmond kilichochapa kanga kwa ajili ya pwani kilichapa pia vikwembe vya nta, vinavyojulikana kama waksi ya Uholanzi, kwa ajili ya Afrika ya Magharibi na Kongo. Lakini katika pindo la kikwembe hicho lililoandikwa ni jina la kiwanda. Wanawake wa sokoni walivipa vikwembe majina yao wenyewe, ya utani, ya mafumbo, ya majivuno. Hata hivyo majina hayo yalikaa vinywani, hayakuchapwa. Pwani jina la mwenye duka liliandikwa, na kiwanda kikawa kimya. Kongo kiwanda kiliandikwa, na muuzaji akawa kimya.

Tofauti hiyo ilikuwa na matokeo. Waigaji wa Asia walipoanza kuvichapa vikwembe kwa bei ya chini, walichokiiga ni jina la Uholanzi, na aliyelalamika ni kiwanda. Neno la waksi ya Uholanzi likaingia katika njia ile ile ya merikani, likawa jina la nguo lisilothibitisha asili yake.

6. Mipaka ya mwenye jina

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mwenye jina alikuwa sultani. Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918 iliuvuruga usafiri wa bahari, na wachapaji wa Uingereza wakapata nafasi. Katika miaka ya 1930 nguo za Japani zikaingia kwa wingi. Sababu mojawapo ni Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ulioweka biashara huru katika lililoitwa bonde la Kongo, eneo ambalo kwa tafsiri ya mkataba huo lilienea hadi Bahari ya Hindi. Waingereza hawakuweza kuzipendelea nguo zao kwa ushuru nchini Kenya na Tanganyika. Hivyo waraka uliotungwa kwa ajili ya mto Kongo uliamua ni kiwanda gani kingemchapia mwenye duka wa Mombasa.

Baada ya uhuru, serikali zilitaka kuunganisha jina na mashine. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Rivatex ikafuata mjini Eldoret katika miaka ya 1970. Kanga zikachapwa nyumbani. Lakini viwanda hivyo vilidhoofika pale masoko yalipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, na leo kanga nyingi huchapwa India. Mashine imehama tena; Mali ya Abdulla bado inasomeka.

7. Beni, Butembo na Mabalako

Historia hii inapotazamwa kutoka Kivu ya Kaskazini, inageuka juu chini. Wafanyabiashara wa Butembo ni warithi halali wa maarifa ya agizo. Tangu enzi ya Zaire walipeleka kahawa kwa njia ya Kasindi na Mombasa na kurudi na bidhaa za viwandani. Baadaye wakasafiri wenyewe hadi Dubai, Hong Kong na Guangzhou kuagiza moja kwa moja. Wanajua, kama alivyojua Abdulla, kitakachopendwa na kitakachobezwa.

Lakini kwa upande wa mazao hali ni nyingine. Kakao ya Mabalako, ya Mangina na ya bonde la Semliki hukaushwa, hutiwa magunia na kuondoka. Sehemu yake huvuka mpaka kimagendo na kuhesabiwa kuwa ya Uganda. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, wapo wakulima waliouawa wakiwa mashambani mwao. Zao linalovunwa kwa gharama ya damu linapoteza hata jina la nchi yake kabla ya kufika kiwandani, na chokoleti inayotokana nalo huuzwa kwa jina la mwingine. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ipo dalili kwamba hali hiyo si ya lazima. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kumeanzishwa kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji ya mlima, kwa ushirikiano na Dominique Persoone, mtengenezaji chokoleti wa Ubelgiji. Bidhaa yake hubeba jina la Virunga. Kiasi chake ni kidogo kikilinganishwa na magunia yanayoondoka. Hata hivyo, ndani yake jina na zao vimekutana mahali pamoja.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mtu aweza kuitawala bidhaa asiyoitengeneza, mradi awe na elimu ya wanunuzi wake, athubutu kuibeba hatari ya agizo, na aiandike milki yake kwa lugha inayosomwa na jirani zake. Imeonyeshwa pia kwamba utawala huo hauondoi utegemezi. Mkulima wa Mabalako leo hana mashine wala hana jina. Historia ya kanga inamfundisha kwamba, kati ya viwili hivyo, jina laweza kutangulia. Maneno matatu yalitosha Mombasa. Kazi iliyobaki kwa vyama vya wakulima na kwa wafanyabiashara wa Beni na Butembo ni kuamua maneno yatakayoandikwa juu ya gunia, na nani atakayesimama kuyadhamini.