Usukani Uliomwasi Rubani

Tarehe 8 Septemba 1994, Boeing 737 ya USAir ilianguka karibu na Pittsburgh, Marekani, ikaua watu wote 132. Nyingine ya aina hiyo ilikwisha anguka Colorado Springs mwaka 1991, wakafa 25, na faili likafungwa bila sababu kujulikana. Usukani wa mkiani uligeuka ghafla, nani kaukanyaga? Baadhi waliwanyoshea kidole marubani. (Hata kwetu basi likipinduka, husemwa "uzembe wa dereva" kabla breki hazijakaguliwa.)

Juni 1996 ndege ya tatu, ya Eastwind, ililala ubavu ikikaribia Richmond. Rubani alikanyaga pedali kwa nguvu, akageuza vibao vya mabawani, akatua salama na watu 53. Mwendo wake ulikuwa mkubwa zaidi; ndege ikipungua mwendo, vibao hivyo haviwezi kuushinda usukani uliokwama. Sasa alikuwepo shahidi aliye hai.

Katika majaribio, vali iliyogandishwa ilipitishiwa mafuta ya moto, ikakwama. Uchunguzi zaidi ulionyesha kuwa ikikwama hivyo, usukani waweza kwenda kinyume cha mguu. Machi 1999 wachunguzi wakaitaja vali hiyo, si marubani.