Kabla ya kununua injekta mpya, pima nyaya zake

WENYE magari wengi, injini inapoanza kutetemeka na kupoteza nguvu, huambiwa na fundi kwamba injekta imekufa na sharti ibadilishwe. Pesa hutolewa, kipuri kipya hutiwa, na baada ya siku mbili mtetemeko hurejea vilevile. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Huenda injekta iliyotupwa ilikuwa nzima na ugonjwa wenyewe ulikuwa katika waya.

Injekta ya petroli ni vali ndogo inayofunguliwa kwa nguvu za sumaku ya umeme, na aghalabu huwa na nyaya mbili. Waya wa kwanza huleta volti 12 kutoka kwa betri kupitia fyuzi na relei, mara ufunguo unapowashwa. Waya wa pili huelekea kwenye kompyuta ya gari, nayo huuunganisha na upande hasi wa betri kwa muda mfupi mno, takriban milisekunde 2 hadi 4 injini inaponguruma gari likiwa limesimama. Kwa hivyo, katika mfumo huu kompyuta haipeleki umeme kwa injekta. Kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya umeme huo kurudi.

Ni moja au zote?

Hilo ndilo swali la kwanza. Iwapo injekta zote zimenyamaza na injini haiwaki, chanzo hutafutwa mahali zinapokutana: fyuzi, relei, kifaa cha kuzuia wizi, au kihisi kinachoijulisha kompyuta kwamba injini inazunguka. Kompyuta isipopata habari hiyo, haifungui injekta yoyote.

Iwapo ni silinda moja tu iliyozimika, msimbo wa kompyuta utasaidia. Katika mfumo wa OBD-II, uliofanywa lazima nchini Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka wa 1996, P0201 humaanisha hitilafu katika njia ya umeme ya injekta ya silinda ya kwanza, P0202 ya pili, na kadhalika. Msimbo huo huhusu njia nzima ya umeme, wala hausemi kwamba injekta yenyewe imeharibika. Nao P0301 hueleza tu kwamba mwako umekosekana katika silinda ya kwanza, jambo linaloweza pia kusababishwa na plagi.

Hatua za kupima

Kwanza, sikiliza. Injini ikinguruma, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na sikio kwenye mpini wake. Injekta inayofanya kazi hutoa mlio wa kugonga-gonga. Iliyo kimya ndiyo ya kuchunguzwa.

Pili, zima injini, chomoa soketi na upime ukinzani baina ya pini mbili za injekta kwa mita ya umeme. Nyingi huonyesha omu 12 hadi 16, ingawa zipo za aina nyingine zenye omu 2 hadi 5. Linganisha na injekta nyingine za injini hiyo hiyo. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma karibu na sufuri, koili ina shoti.

Tatu, washa ufunguo na upime soketi. Upande mmoja uonyeshe volti za betri. Hata hivyo, jihadhari: waya uliosalia uzi mmoja tu huweza kuonyesha volti 12 kamili, kisha ukashindwa kubeba mzigo.

Nne, chomeka taa ndogo ya majaribio iliyoundwa kwa soketi za injekta, kisha zungusha injini kwa stata. Taa ikimetameta, kompyuta inatoa amri na waya wake unaifikisha. Isipowaka ilhali volti zipo, pima waya wa pili hadi kwenye kompyuta, betri ikiwa imefunguliwa, kabla ya kuilaumu kompyuta yenyewe. Ikiwaka mfululizo, huenda waya huo umegusa bodi ya gari. Hali hii ni ya hatari, kwani injekta hubaki wazi, petroli ikajaa katika silinda, ikachanganyika na oili na hatimaye kuharibu injini.

Njia nyingine ni kuhamisha injekta hadi silinda jirani. Msimbo ukiifuata, kosa ni lake. Ukibaki palepale, kosa ni la waya au kompyuta.

Tahadhari

Hitilafu nyingi za nyaya huletwa na mambo ya kila siku: kuosha injini kwa maji ya kasi, panya kutafuna, nyaya kusuguana na chuma, na vishikio vya soketi kuvunjika. Usitoboe waya kwa sindano ili kuupima, kwa maana unyevu utaingia na kutu itafuata. Usitumie balbu kubwa, kwani yaweza kuunguza kompyuta. Aidha, injekta za dizeli za kisasa na za petroli inayoingizwa moja kwa moja ndani ya silinda hutumia umeme unaoweza kuzidi volti 50. Hizo mwachie fundi aliyehitimu.

Fundi akisema injekta imekufa, mwombe akuonyeshe kipimo cha ukinzani na taa ya majaribio kabla hujafungua kibeti.