Khedive Ismail na Watu wa Bara

Maji makubwa anayoyajua mtu wa Busia ni ya Ziwa Victoria, kule Port Victoria. Bahari iko mbali: kwa reli, kutoka Malaba hadi Kilindini ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, anayetaka kuelewa ilikuwaje watu wa bara wakafa baharini kwa mamia mwaka 1944, na aanzie hapa mpakani mwa Kenya na Uganda.

Reli iliyopanda kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, ikavuka Malaba kuingia Tororo, na mwaka 1931 ikawa imefika Kampala. Pamba ya Uganda ndiyo iliyoivuta. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, njia ya pamba ikawa njia ya askari. Kwa upande wa kusini, aliyekaa karibu na Butere alikuwa na tawi lake la kumshusha Kisumu. Nyumbani ilitosha kusema fulani amekwenda Keya, yaani kwa askari wa KAR, au panyako kwa wale wa vikosi vya kazi. Kwenda Burma kulijulikana baadaye.

Meli iliyowangoja wengine wao ilikuwa na maisha marefu kabla ya hapo. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 Wamisri waliinunua, wakaipa jina la mtawala wao wa zamani, Khedive Ismail. Jina hilo si geni kwetu: Ismail ndiye aliyemtuma Mwingereza Samuel Baker kuupanda mto Nile mpaka Bunyoro, na mwaka 1875 meli zake zikateka Kismayu na Barawa, mali ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwaka 1940 Waingereza waliichukua meli hiyo wakaifanya ya kubebea askari. Aprili 1941 ilitumwa Ugiriki kuokoa majeshi yaliyoshindwa. Ikaondoka Nauplia bila kupata nafasi ya kupakia, ikanusurika. Meli mwenzake, Slamat, ilizamishwa asubuhi iliyofuata.

Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, njia ya kwenda Burma. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake wa jeshi la majini.

Jumamosi, tarehe 12, alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Aliyekuwa chini ya sitaha hakuwa na ngazi ya kukimbilia.

Kilichofuata ndicho kigumu kukisimulia. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa bado na meli nne za askari za kuzilinda, na Petard ikatupa mabomu ya kulipukia majini palepale walipokuwa manusura. I-27 ililazimika kuibuka na hatimaye ikazamishwa. Walionusurika walikuwa 214, sita kati yao wanawake. Waliokufa ni 1,297.

Vitabu vya Uingereza vimeandika sana juu ya wauguzi wale na juu ya uamuzi wa nahodha wa Petard, na ni haki yao. Lakini tukihesabu roho, huu ulikuwa kwanza msiba wa Afrika Mashariki, na kwetu hausimuliwi. Huenda ni kwa sababu mtu wa bara akifa maji mbali hivyo hakuna kaburi la kupalilia, na barua ya serikali haikueleza mengi.

Hawakuiona Burma. Wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndio waliopita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka huo mpaka Kalewa.

Majina ya askari wa Kikosi cha 301 yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Mwenye babu aliyepanda treni Malaba au Butere asirudi, na aanze kumtafuta pale.